Hodi ya Ghorofa ya Pili

Baba yangu alizaliwa Cádiz, akaoa Cádiz, akang'olewa meno yake yote Cádiz, na siku tuliyorudi alilazimika kungoja mpaka saa kumi jioni ndipo aruhusiwe kuingia nyumbani kwake.

Kusema "nyumbani kwake" ni mazoea ya ulimi tu. Ile fleti tulikuwa wapangaji tangu enzi za babu. Mwenye jengo alipofariki, wanawe waliliuza lote kwa watu wanaopangisha watalii usiku kwa usiku. Nami nilikodi usiku mmoja kwa simu, kama Mjerumani yeyote. Papo hapo ukaingia ujumbe: "Karibuni Cádiz! Ishini kama wenyeji!" Nilimsomea baba. Akafikiri kidogo, akasema, "Mwambie tutajitahidi."

Tulifuata kopo, hatukufuata kingine.

Mama yangu, Regla, alipokufa mwili wake ulichomwa, kama wengi wanavyochomwa huku siku hizi, na baba akakabidhiwa majivu. Kabla hajafa alikuwa amemwapisha. "Usinitupe baharini, Servando, mimi sijui kuogelea. Wala usinitie kaburini peke yangu. Niweke hapa hapa nyumbani nikungoje. Zamu yako ikifika, tutiwe sanduku moja." Baba akaapa mkono ukiwa juu ya kifua cha mama.

Tatizo lilikuwa shangazi Amparo, dada yake baba, mtu wa kanisani asubuhi na jioni. Padri alikuwa amewaambia kwamba majivu ya marehemu hayakai nyumbani. Kwa kukwepa kelele zake, baba aliyatoa majivu katika chombo walichompa watu wa mazishi, akayatia katika kopo la bati la jemu ngumu, lile lenye picha ya mwanamke mwenye upepeo, ambalo likiisha jemu kila nyumba ya huku hulitilia sindano na nyuzi. Akalificha juu paani, katika kibanda cha kufulia, kwenye uwazi uliokuwa chini ya karo la mawe. Hakumwambia mtu. Kila asubuhi alipanda na sigara yake, na sisi sote tulidhani ni sigara.

Kisha kiharusi kikamwangusha, mdomo ukafungika. Yeye akiwa hospitali, mkataba wa nyumba ukaisha, wapakiaji wakabeba vitu, nami nikamchukua kwangu Albacete, bara kabisa, mahali ambapo bahari ni ile ya kwenye televisheni. Maneno yalimrudia moja moja. "Maji" lilikuja mapema, "Palma", ambalo ni jina langu, likafuata, na matusi yakaja yote kwa mkupuo. Neno "kopo" lilichelewa mno. Siku lilipokuja alilia mpaka nikadhani kiharusi kimerudi.

Na majira ya kuchipua yalipofika, daktari wa moyo alinivuta kando, akaniambia nisifanye mipango ya mbali. Ndiyo sababu tulikuja upesi. Bila kopo lile baba angezikwa peke yake, naye angefika kwa mkewe akiwa mwongo. Hayo ni maneno yake, si yangu. Mimi siamini kwamba tunafika popote, lakini yeye anaamini, na safari hiyo ni yake.

Treni ilitushusha asubuhi. Upepo wa mashariki ulikuwa unavuma, ule unaowatia watu wa Cádiz wazimu, unaobeba mchanga mpaka ndani ya masikio na kuvunja ndoa. Tulikuwa na siku nzima ya kupoteza, basi tukatembea kama watalii, mimi na kibegi, yeye na fimbo.

Sokoni alitaka kahawa kwenye meza yake, pale alipokunywa kila asubuhi kabla ya kwenda kuchomelea vyuma bandarini. Meza haikuwapo. Palikuwa na viti virefu kama vya twiga, na binti aliyetusalimu kwa Kiingereza.

"Mjibu," baba akanambia. "Mwambie natoka London, labda atanipa kiti chenye mgongo."

"Baba, huyu ni wa hapa hapa, sikia anavyoongea na mwenzake."

"Wa hapa? Wewe binti, mtoto wa nani wewe?"

Yule binti akacheka, akajibu kwa lafudhi yetu yenyewe, ya kumeza nusu ya neno. "Mimi wa mtaa wa Puntales, babu. Nisamehe, siku hizi nikisalimu Kihispania wananiona mshamba."

Akamletea kahawa katika glasi, kama alivyoizoea, na baba akainywa amesimama. Nilimwona anavyotazama huku na huku akitafuta uso mmoja tu anaoujua. Hakuupata. Katika mji aliokuwa akichukua saa nzima kuvuka barabara kwa sababu ya salamu, tulipita toka sokoni mpaka mtaa wetu wa La Viña bila mtu kumwita jina.

Mchana tulinunua bajia za kamba wadogo, zikiwa bado zinachuruzika mafuta kwenye karatasi, tukaenda kukaa ufukweni La Caleta. Pale, walau pale, walikuwapo bibi zetu, duara la viti vya plastiki chini ya miavuli, wanacheza bahati nasibu kwa maharage, wanapigiana kelele kila namba ikitajwa. Mmoja akainua kichwa. Alikuwa Milagros, jirani yetu wa ghorofa ya kwanza.

"Ee Mungu wangu! Servando! Sisi tulishakuombea misa!"

"Rudisheni misa hiyo," baba akasema. "Bado niko njiani, namngoja mwenzangu ajitayarishe."

Bibi wote wakacheka, wasijue anasema nini. Mimi nilijua, nikainama kukunja karatasi ya bajia.

Milagros alitusimulia habari za jengo. Hakubaki mpangaji hata mmoja. Yeye amehamishiwa ng'ambo ya daraja, na kila siku hupanda basi kuja kukaa ufukweni mpaka jua lizame, kisha hurudi kulala kwa watu asiowajua. "Nakuja kazini," alisema. "Kazi yangu ni kuwa mtu wa La Viña. Hawanilipi, lakini nisipokuja, nani atakuja?" Kisha akamshika baba shavu. "Na huko bara unakula vizuri?"

"Nakula kama mgonjwa na nakojoa kama mtoto. Nyumba imebadilika sana?"

"Mimi sipiti mtaa ule, Servando. Nazunguka."

Saa kumi ilipofika tulikuwa mbele ya mlango. Nami niseme kweli, nilikuwa na matumaini. Niliwaza mafundi ni wavivu dunia nzima. Nani angeinama chini ya karo la mawe kutazama uwazi usio na kazi?

Mlango ulikuwa ule ule, wa mbao nene, na katikati yake ule mkono wa shaba wa kubishia hodi, mkono wa mwanamke ulioshika tufe. Zamani, kabla ya kengele, kila familia ya jengo ilikuwa na hodi yake. Pigo moja ni ghorofa ya kwanza, mawili ni ya pili, na wa upande wa kushoto huongezewa mkia wa vipigo vidogo vidogo vya haraka. Sisi tulikuwa wa pili kushoto. Mama akiisikia hodi yetu huchungulia dirishani na kuuliza, "Nani?" hata kama anajua ni nani, kwa sababu alipenda kujibiwa.

Baba aliukazia macho ule mkono.

"Wameusugua," akasema. "Zamani ulikuwa mweusi kama kisigino."

"Umependeza."

"Umependeza," akakubali, akauinua ili abishe. Lakini mimi nilikwisha kubonyeza namba kwenye kidude cha ukutani, na mlango ukafunguka wenyewe. Akauachilia polepole, usitoe sauti.

Hatukuingia fleti. Tulipanda moja kwa moja mpaka paani, yeye akipumzika kila ngazi chache, akikataa mkono wangu. Juu kulikuwa na viti vya kulalia vyenye mito myeupe, na beseni kubwa la maji ya bluu, na mwanamume mwekundu kama kamba aliyechemshwa, amelala na kofia usoni. Kibanda cha kufulia kilikuwa kimebomolewa kuta tatu. Karo la mawe walikuwa wameliacha kwa urembo, wamelipanda miiba ya jangwani. Na chini yake, pale penye uwazi, walikuwa wamejaza saruji.

Baba alipiga magoti. Aliipapasa ile saruji kama anayetafuta mlango. Kisha akaanza kuigonga kwa fimbo, taratibu, na mtalii akaondoa kofia usoni akatutazama.

"Inuka, baba."

"Yumo humu. Wamemjengea humu humu."

"Hatujui."

"Basi tafuta nyundo, Palma. Tafuta nyundo!"

Nilimwinua kwa nguvu. Sijawahi kumwinua baba yangu hivyo, kama gunia, na uzito aliokuwa nao ulinitisha kwa udogo wake. Nilimteremsha hadi fleti yetu, nikamketisha katika kile kilichokuwa chumba cha kulia. Kila kitu kilikuwa cheupe. Ukutani walikuwa wametundika, kama picha, lile sinia la shaba la makaa la mama lililosahauliwa na wapakiaji, ambalo siku za baridi lilikaa chini ya meza na sisi sote tukachomeka miguu chini ya kitambaa cha meza. Lilikuwa linang'aa mpaka likatoa mwanga. Sikujali. Saa ya dawa zake ilikuwa imepita, nikaenda jikoni kumchemshia maji.

Kopo lilikuwa juu ya rafu, kati ya chupa ya mafuta na chombo cha maua makavu. Mwanamke na upepeo wake. Pembeni kulikuwa na kile kibonyeo alichokitia kaka yangu alipolipiga teke utotoni. Nililishika kwa mikono miwili, na kabla ya kulifungua nilijua, kwa sababu lilikuwa jepesi. Ndani mlikuwa na pakiti ndogo ndogo za sukari na majani ya chai, zimepangwa vizuri, za wageni.

Nilitamani kulitupa dirishani. Nilitamani kuchukua lolote, chumvi, unga, mchanga wa ufukweni, nilijaze nimpelekee. Nani angejua? Lakini baba alikuwa amesimama mlangoni, ameshika ukuta.

"Lipe hapa," akasema.

Akalifungua. Akatoa pakiti moja moja, akaziweka mezani. Akapitisha kidole katika pembe za ndani, akakitazama kidole. Kilikuwa safi.

Nilimwandikia mwenye kupangisha. Jibu lilikuja upesi, lenye nyuso za kucheka. Kopo waliliokota mafundi juu paani, zuri sana, la kizamani, wageni wanalipenda. Ndani yake? Udongo, nadhani. Nadhani mfanya usafi alimwaga kwenye vyungu vya maua. Anakuja kesho asubuhi, muulizeni.

"Vyungu vya maua," nikasema. Nikamsomea mara mbili.

Sijui kama niliamini, ila nilitaka aamini. Na aliamini. Uso wake ulifunguka mbele ya macho yangu, akaomba koti, akateremka kwenye ua wa ndani, ule wenye kisima kilichofunikwa, ambako vyungu vya jeraniamu vimepangwa ukutani kama enzi zetu. Hakutaka chakula. Niliposhuka na blanketi nilimkuta kwenye kigoda, amekikumbatia chungu kimoja kati ya magoti, na nikasimama ngazini bila kujionyesha.

"Jeraniamu, Regla," alikuwa anasema. "Wewe uliyesema jeraniamu zinanuka kwapa la padri. Ona walikokutia. Vumilia kidogo. Palma atakubeba, mimi mikono imekwisha, lakini yeye ana mgongo wa mama yako, anabeba hata punda... Mtoto hajambo. Ananilisha mboga tu, lakini hajambo."

Aliinamisha sikio juu ya chungu, kama anayesikiliza. Kisha akacheka, kicheko kile cha zamani, cha kabla ya kiharusi, ambacho nilikuwa nimesahau kwamba kipo. Nikarudi juu bila kumpa blanketi, nikajifunika lile blanketi kichwani, nikalia. Nililia kwa furaha, mjinga mimi.

Asubuhi nilimkuta amekwisha kukitia kile chungu katika mfuko wa plastiki na kufunga mafundo mawili. Amenyoa. Amevaa tai. Upepo ulikuwa umetulia.

Mfanya usafi aliingia akiimba, na ndoo katika kila mkono. Alikuwa mwanamke wa rika langu, mnene, wa mtaa wa jirani, kwa jina Chari. Alipotusikia tunaongea akaweka ndoo chini.

"Watu wa kwetu! Asante Mungu! Mwezi mzima naongea na Waholanzi kwa vidole. Na wewe mzee, na tai hiyo, unakwenda kuoa?"

"Nishaoa," baba akasema. "Namrudisha mke nyumbani."

"Hongera! Umshike mkono sana, wanatoroka siku hizi."

Nilimwuliza habari za kopo. Niliuliza kwa upole, huku nimeelekeza macho kwenye mfuko wa plastiki, ili anijibu ninachotaka.

"Lile kopo?" Chari akapiga makofi. "Usiniambie! Mafundi walinipa, wakasema limejaa vumbi, tupa. Nafungua, vumbi gani! Majivu, mama! Majivu ya makaa, meupe, safi, yaliyochekechwa! Nikasema, aliyekaa humu alikuwa mwanamke wa kweli, ameweka akiba ya majivu kama bibi yangu. Siku hizi nani anajua kusugua kwa majivu? Wananipa dawa za chupa, zinaninyofoa ngozi na shaba haing'ai hata kidogo."

"Mwenye nyumba anasema uliyamwaga kwenye maua," nikasema.

"Nimwage majivu mazuri vile kwenye maua? Mimi nina wazimu? Nimeyatumia mpaka chembe ya mwisho! Ona sinia lile ukutani, lilikuwa na kutu ya kijani. Ona mabomba. Ule mkono wa mlangoni nimeusugua siku nzima. Yalikuwa na chenga chenga ndogo, ndizo zinazokwangua. Kisha nikasuuza, maji hayo yakaenda zake na mtaro wa uani." Akajifuta mikono kwenye aproni. "Yalipoisha nilisikitika, Mungu ni shahidi. Mzee, wewe wa zamani, hujui yanapatikana wapi mengine kama yale?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa nimekwisha kulipata neno, na lilikuwa neno la kumwua mtu. Vidole vya baba vikanishika kifundo cha mkono, vikabana. Sikujua kwamba bado ana nguvu hizo.

"Hayapatikani tena," akamwambia Chari. "Umesugua vizuri, binti yangu. Panang'aa."

"Si ndiyo? Mwenyewe angeona angefurahi."

"Alikuwa hapendi uchafu," baba akasema.

Chari akabeba ndoo zake akapanda juu, wimbo ukaendelea ngazini. Nilimgeukia baba.

"Kwa nini umemwacha? Kwa nini hukumwambia?"

"Ili afanye nini? Aende na jambo hilo nyumbani kwake kila jioni?" Alikuwa anatazama tundu la mtaro katikati ya ua. "Baharini, Palma. Mtaro huu unakwenda baharini. Naye hajui kuogelea."

Watu huniambia kwamba mama alienea nyumba nzima, kwamba ni jambo zuri ukilitazama vizuri. Waache waseme. Mimi nilimwona mzee wa watu akifungua mafundo mawili ya mfuko wa plastiki, akakitoa chungu cha jeraniamu, akakirudisha mahali pake kwenye mstari, akakizungusha mpaka upande wa maua ukatazama nje.

Kopo tuliliacha juu ya rafu. Hakulitaka.

Tulipotoka, mlango ulijifunga nyuma yetu. Nilikuwa nimekwisha kupiga hatua kadhaa nilipogundua niko peke yangu. Baba alikuwa amebaki kizingitini, ameushika ule mkono wa shaba, si kama mtu anayebisha, bali kama mtu anayesalimiana na mwenzake na hataki kuachia. Alipitisha kidole gumba juu ya vifundo vyake, huku na huku. Kisha akauinua, akabisha. Mapigo mawili, na mkia wa vipigo vidogo vidogo, wa haraka, sawasawa kabisa.

Dirisha la ghorofa ya pili likafunguka. Chari akatoa kichwa, na kitambaa mkononi.

"Nani? Ah, ni wewe! Umesahau kitu, mzee wangu?"

Baba alikuwa amevua kofia. Alitazama juu, jua likimpiga machoni.

"Hapana," akasema. "Nimebisha tu, nione kama kuna mtu."

"Hakuna mtu, mzee," Chari akamjibu kwa furaha. "Niko peke yangu."